Mwethya wa Kompyuta

Kisiagi yangu ya kusaga mahindi hapo Sultan Hamud ilikuwa na kelele ya kugeuza wafu upande ule mwingine. Ukiiwasha, kuku wa jirani walikuwa wanataga kabla ya siku yao, na abiria wa treni walikuwa wanaamka wakidhani wamefika Mombasa. Ilikuwa ya stima. Wengine hapo mjini walikuwa na za dizeli, zinakohoa kama mzee wa tumbaku, na unga inatoka na harufu ya mafuta ya taa. Yangu ilitoa unga laini, nyeupe, ungeweza kujipaka uende nayo kanisani.

Mimi shule niliiona kwa dirisha, nikipita na mbuzi. Lakini miaka ya tisini ikielekea kuisha, niliona kitu kwa chumba changu cha nyuma, pale nilikuwa naweka magunia, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashika kifua.

Dada yangu aliolewa Mbooni, huko juu kwa baridi na machungwa. Alikuwa na msichana aliyesomea kompyuta Nairobi, akamaliza, akarudi nyumbani kutafuta kazi. Huko kwao kanisa ilikuwa na politekniki ya vijana: ushonaji, useremala, kuchomelea vyuma. Marafiki wa kanisa wa ng'ambo walikuwa wametuma kompyuta kuukuu, chumba kizima, lakini walizipangusa ndani zikabaki tupu. Ukiwasha moja inakuangalia tu, kama ng'ombe aliyeulizwa habari za siasa.

Msichana akaenda kwa mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa, mtu wa tai hata akienda kukamua. Akamwambia, "Nitazifanya zifanye kazi, na nitafundisha." Akaweka ndani ya moja programu kubwa, ile inaendesha kompyuta yote. Akamwita mwenyekiti aandike jina lake. Mwenyekiti akaandika. Akangoja. Akaletewa chai. Alipomaliza chai, herufi ya kwanza ndiyo ilikuwa inatoka, polepole, kama inaona haya.

"Hii ni takataka," mwenyekiti akasema. "Na watu wa ushonaji wanataka hiki chumba. Kuna mtu wa vyuma chakavu hapo Malili ako tayari na lori."

Msichana akaomba wiki moja. Mwenyekiti akampa mpaka Ijumaa, na akasema waziwazi: Ijumaa nikitoka Nairobi nitapitia kwa mjomba wako, nitaandika jina langu, na likitoka nikiandika, kompyuta zinabaki na wewe ni mwalimu. Lisipotoka, Jumamosi lori inapanda Mbooni.

Alisema kwa mjomba kwa sababu kule politekniki hakukuwa na stima. Kulikuwa na jenereta, na ilikuwa inawashwa kidogo asubuhi ya watu wa kuchomelea, halafu inazimwa. Kazi ya huyo msichana ilitaka stima ya siku nzima. Kwa hivyo Jumanne akashuka kwangu na pikapu ya kabichi, amekumbatia kompyuta moja iliyofungwa blanketi kama mtoto mwenye surua.

"Anko," akaniambia, "nipe kona na soketi."

Nikampa. Nikatoa magunia, nikaweka meza kwa ukuta wa upande wa baraza. Soketi yenyewe ilikuwa ya zamani, plagi ilikuwa inakaa hapo kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, lakini ilikuwa inafanya kazi.

Nikamuuliza shida ni gani. Sasa hapo ndipo mambo yalianza kunishinda nguvu. Akaniambia hiyo programu haijanunuliwa. Imeandikwa na watu, maelfu, wako kila mahali duniani, hawajuani kwa sura, na wameiacha wazi. Mtu yeyote anaweza kuingia akasoma vile imeandikwa, atengeneze, apatie mwingine.

"Na wanalipwa na nani?"

"Wengi hawalipwi, anko."

"Ni wagonjwa?"

Akacheka. Akasema ile aliyokuwa amemwekea mwenyekiti ilikuja imepikwa tayari, imewekwa kila kitu ndani ili iweze kuendesha kompyuta ya kila aina, ya tajiri na ya maskini. Hizi za kanisa ni ndogo, zinasongwa. Dawa ni kuchukua yale maandishi mabichi, kutoa yale yasiyohitajika, na kuipika upya hapa hapa, ikatoshane na tumbo ya hii kompyuta.

Hiyo nilielewa. Mimi ni mtu wa kusaga. Mtu akileta mahindi, simpi unga ya jirani.

Akanionyesha hayo maandishi mabichi. Ndugu yangu, nimeona mto Athi ukifurika, nimeona nzige, lakini sijaona kitu kingi vile. Alibonyeza kitu, mistari ikaanza kupanda kwa skrini, inapanda, inapanda, nikaenda nikamhudumia mteja wa debe mbili, nikarudi, bado inapanda. Ukiyaandika kwa karatasi unafunika reli kutoka Mombasa mpaka Kisumu, na unabakisha za kufungia nyama. Na sio kumwagwa tu. Yamepangwa kama boma ya mtu mwenye akili. Hapa nyumba ya mambo ya diski, hapa ya kibodi, hapa ya kumbukumbu, na ndani ya kila nyumba vyumba, na kwa kila mlango kuna karatasi ya maagizo: usipike hii kabla ile haijaiva.

Msichana alikuwa na vipande vingine kwa disketi, marekebisho alipewa na wenzake wa chuo. Alishinda Jumanne yote akivipeleka kila kimoja kwa nyumba yake. Ukiweka cha diski kwa nyumba ya kibodi, aliniambia, kazi yote inakwama. Nilikuwa nakuja kumchungulia kila mara. Mara moja nikamkuta anacheka peke yake.

"Nini?"

"Kuna mtu ameandika hapa katikati, anaambia wenzake. Anasema, sijui kwa nini hii inafanya kazi, tafadhali usiguse."

Nikakaa chini juu ya gunia. Kwa sababu kisiagi yangu ilikuwa na waya moja ya namna hiyo hiyo, nimeifunga na kitambaa, na nilikuwa nimewaambia watu wote maneno hayo hayo. Kumbe kuna mtu mahali pengine, pengine kwa theluji, ako na waya yake.

Jumatano asubuhi akaanza. Kwanza ile programu inamuuliza maswali, moja moja, ya kujua kompyuta ni ya aina gani. Uko na hii? Hapana. Uko na ile? Hapana. Unataka ya hivi? Ndiyo. Hayo maswali yalikuwa mengi kuliko ya wazee wa ukoo siku ya kupeleka mbuzi za ntheo, zile za kuposa, na wale wazee wanaweza kukuuliza mpaka nyanya yako alizaliwa akiangalia wapi. Msichana anajibu, kidole kinauma, anajibu. Akiwa amekaribia mwisho, mteja akaniletea gunia, nikawasha kisiagi. Taa ikainama vile ilikuwa inainama kila siku. Skrini ikawa nyeusi. Halafu kompyuta ikaanza upya, haikumbuki hata swali moja.

Msichana akatoka nje. Hakulia. Aliangalia kisiagi vile mtu anaangalia nyoka aliye kwa kitanda yake.

"Anko, hii kitu ikiwaka inakunywa stima yote."

"Ni kubwa," nikasema. Nilikuwa najivunia kidogo.

"Nahitaji siku moja nzima bila kisiagi. Kesho. Asubuhi mpaka jioni."

Sasa hapo ndipo palikuwa na mambo. Kesho yake, Alhamisi, kikundi cha akina mama kilikuwa kinaniletea mahindi yote ya chakula cha kanisa. Ijumaa walikuwa na wageni wa harambee, watu wengi, na wageni wanataka ugali. Walikuwa wameshaniambia wiki nzima. Hao akina mama hawachezewi. Walikuwa wamechimba matuta ya kila shamba kutoka reli mpaka mlima, kwa mwethya, ile yetu ya kufanya kazi pamoja: leo wote kwako, kesho wote kwangu, mwenye boma anapika, watu wanaimba. Mkubwa wao alikuwa mama mzee tulikuwa tunamwita susu, yaani nyanya. Mikono yake ilikuwa migumu hivi kwamba ukimsalimia ngozi yako inabaki kwake.

Tukaenda kwake jioni hiyo, mimi na msichana. Tulimkuta anachambua mbaazi. Nikaeleza. Nikaeleza vibaya, kwa sababu nilianza na mambo ya kisiagi kunywa stima.

"Kwa hivyo umelewa," susu akasema.

"Sijalewa."

"Mtu wa kusaga anakuja kwangu kusema hatasaga. Hata mwili wako wote ni unga ya watu, angalia shingo."

Msichana ndiye alichukua maneno. Akamweleza lori ya Jumamosi. Akamweleza mwenyekiti na jina lake. Susu akawa anasikiza lakini mbaazi zinaendelea kuanguka kwa sufuria. Halafu msichana akasema ile ya watu maelfu, kila mmoja ameandika kipande, hakuna anayelipwa, kipande cha huyu kinashika kipande cha yule.

Mbaazi zikasimama.

"Kila mtu na kipande yake?"

"Ndiyo susu. Huyu anafanya mambo ya diski tu, yule ya kibodi tu."

"Kama matuta."

"Kama matuta."

"Na wote hawaonani."

"Hawaonani."

Susu akasukuma sufuria kando. Akasema, "Hiyo ni mwethya. Hiyo ni mwethya ya dunia, na hata hakuna mtu anawapikia." Akasikitika kabisa juu ya hiyo ya kutopikiwa. Halafu akasema, "Wageni wa kesho kutwa watakula muthokoi. Mahindi ya muthokoi hayasagwi, yanatwangwa. Wewe mtu wa unga, kesho zima hiyo shetani yako."

Alhamisi asubuhi nikaondoa mkanda wa kisiagi, nikaufungia kwa sanduku ili nisijaribiwe. Mji ulinyamaza vile sijawahi kusikia. Tuliskia mtu akikoroga chai upande ule mwingine wa barabara. Msichana akajibu maswali yake yote tena. Halafu akaandika neno moja, fupi, hata halijai kiganja, akabonyeza. Na ile kitu ikaanza kujijenga.

Sijui niseme vipi. Ilikuwa inachukua ukurasa wa mtu mmoja, inausaga, inauweka kando, inachukua wa mwingine, na kila ukurasa ukisagwa jina lake linaandikwa kwa skrini. Hakuna mtu anaishika. Msichana amekunja mikono. Mimi niliwahi kudhani kusaga ni kisiagi. Hii ilikuwa inasaga mawazo ya watu, ya wale wako macho na wale wako usiku upande wao, na haitoi kelele kuliko nzi.

Jua lilipokuwa limepanda vizuri nikaskia wimbo. Nikatoka. Akina mama walikuwa wanakuja kwa mstari, kila mmoja na mche begani, wengine wanaviringisha vinu, na mahindi kwa mabeseni.

"Susu," nikasema, "si mlisema mtatwanga?"

"Tumekuja kutwanga."

"Hapa?"

Akaniangalia kama mtu amepotea. "Tangu lini mwethya inafanyiwa mbali na boma ya mwenye kazi? Huyu msichana akitusaidia kesho, atatusaidia akiwa kwake? Panga vinu hapo kwa baraza, kuna kivuli."

Na ilikuwa kweli. Hivyo ndivyo tunafanya. Ukimsaidia mtu na haoni jasho yako, umesaidia nani? Kwa hivyo wakapanga vinu kwa baraza yangu, karibu na ukuta, ili msichana akae akiwasikia na apate nguvu. Wakaanza. Wawili kwa kila kinu, mche huu unapanda ule unashuka, wote kwa mwendo mmoja wa wimbo. Hao akina mama wakitwanga pamoja, ardhi inajibu. Nakwambia vumbi ilishuka kwa mabati kama tumejenga ndani ya gunia. Ukutani picha yangu ya harusi ikageuka, nikabaki nimeangalia upande wa mlango kama mtu anataka kutoroka. Msichana alikuwa anatabasamu ndani, anapiga mguu chini na wimbo.

Mchana tukala. Kazi ikaendelea, vinu vikaendelea. Jua likaanza kuteremka, na msichana akaniambia bado kidogo, ameshapita nyumba ile kubwa ya diski.

Halafu plagi ikaanguka.

Haikutoka ghafla. Nafikiri ilikuwa inatembea tangu asubuhi, mche kwa mche, mpaka ikafika ukingoni ikajiachilia. Skrini ikawa nyeusi. Msichana akapiga kelele moja tu, ndogo, na nje wimbo ukakatika katikati ya neno. Susu akaingia na mche mkononi, akaona plagi chini, akaangalia ukuta, akaangalia mche. Hakuna mtu alimwambia. Alielewa mwenyewe, na nikaona ule uso mgumu ukivunjika kama udongo wa kiangazi.

"Ni sisi," akasema.

"Sio nyinyi, susu," msichana akasema, akaokota plagi. Siku ilikuwa inaisha. Jioni ikifika watu wote wa mji wanawasha taa, stima inakuwa dhaifu, na kesho yake mwenyekiti anakuja.

Akarudisha plagi. Mimi nikaishikilia na mikono miwili. Kompyuta ikaamka, ikaanza kujichunguza, mstari kwa mstari, kama mtu ameanguka anajipapasa kama mguu bado uko. Ilichukua muda. Halafu msichana akaandika lile neno lake fupi tena.

Majina yakaanza kupita. Lakini sasa yalipita mbio, mbio mpaka macho yakashindwa, kazi ya asubuhi yote ikapita kama nguzo za reli ukiwa kwa treni.

"Inafanya nini?" susu akauliza.

"Inauliza kila kipande," msichana akasema, akisogea karibu na skrini. "Inauliza, wewe umeiva? Kikisema ndiyo, inakiacha. Haitarudia kazi ya mtu iliyokwisha fanywa. Inatafuta pale tuliachia."

Na ikapafika. Ile mbio ikapungua, ikasimama kwa ukurasa mmoja, ule ule ilikuwa inausaga plagi ikianguka, ikauchukua, ikaendelea polepole kama hakuna kitu kilitokea.

Susu aliweka mche chini. Alikaa kwa gunia langu, akashika mdomo. Sisi jioni ya mwethya mahali jembe limefika unasimamisha kijiti, na kesho unaanzia kwa kijiti, humwambii mtu achimbe tena tuta lililochimbwa. "Wamesimamisha vijiti," akasema. Alisema kwa Kikamba, pole pole, mara mbili. "Wale watu. Wamesimamisha vijiti kila mahali."

Mimi nilikuwa bado nimeshika plagi. Nywele za mikono zilisimama mpaka unga ikadondoka.

Vinu vikahamishwa ng'ambo ya barabara. Kwa plagi susu akaweka mama mmoja mnene kuliko wote, akamwambia akae, aegemeze mgongo wake kwa soketi, asiinuke hata akiskia malaika. Huyo mama alikaa hapo kama ukuta wa pili. Kazi iliisha jua likiwa bado linaonekana. Msichana akaiweka programu mpya mahali pake, akazima ili aanzishe aone, na hapo hapo stima ikapotea, mji wote.

Stima ilirudi asubuhi, na mwenyekiti alirudi nayo. Msichana hakuwa amepata nafasi ya kuijaribu, hata chai hakuwa amekunywa. Tai ya mwenyekiti ilikuwa nyekundu. Nyuma yake walikuja akina mama, wakijifanya wanapeleka muthokoi kanisani, ingawa kanisa ni upande ule mwingine.

"Haya," mwenyekiti akasema, akakaa. "Washa."

Msichana akawasha. Mkono wake mmoja ulikuwa nyuma ya mgongo, vidole vimekunjwa. Mistari ikashuka, diski, kibodi, kumbukumbu, kila nyumba ya boma inasema niko. Halafu ikatulia, ikangoja.

Mwenyekiti akaweka kidole. Akabonyeza herufi ya kwanza ya jina lake, na ilikuwa kwa skrini kabla kidole hakijainuka. Akabonyeza ya pili. Akaandika jina lote. Akaandika la baba yake. Akavua miwani, akaifuta, akavaa, akaandika la ukoo. Kila herufi ilikuwa inamngoja.

"Na hii kitu ni ya nani?" akauliza. Sauti ilikuwa imepungua. "Tukishazoea, mwenyewe akikuja kuidai?"

Kabla msichana hajafungua mdomo, susu akajibu kutoka mlangoni. "Matuta ya shamba yako ya chini tulichimba sisi. Kuna siku tumekuja kuyadai?"

Mwenyekiti hakugeuka. Aliendelea kuangalia jina la ukoo wake. "Washonaji watatafutiwa chumba kingine," akasema. Akatoka, akaenda kwa duka lenye simu kumwambia mtu wa Malili asilete lori.

Nilitaka kumshika huyo mtoto wa dada yangu nimrushe juu, lakini alikuwa ameshainama tena kwa skrini, anaandika.

"Sasa ni nini tena? Si umeshinda?"

"Kuna mahali niliona jana, anko, kwa nyumba ya diski. Wamekosea kitu kidogo. Nataka kuwatengenezea niwatumie." Akasogeza kiti. "Ni siku yangu ya kuchimba."